Namna ya Kushindwa na RAM Mpya Bila Kuaibika

Bonasi ya majani chai imeingia. Umeagiza vipuri kutoka Luthuli Avenue, vikaletwa na matatu hadi Litein, nawe ukaiunga kompyuta mwenyewe juu ya meza ya jikoni, madabodi kwa prosesa, prosesa kwa feni. Picha iko kwenye status ya WhatsApp na pongezi zimefika kutoka Sotik hadi Bomet. Sasa, katikati ya kumjazia mteja fomu ya eCitizen, skrini imegeuka bluu.

Pole sana. Vuta kiti tuongee taratibu, mteja asisikie. Kuna vitu viwili vya kuokoa hapa: kazi yako na jina lako. Vyote viwili vinaokolewa kwa njia moja, nayo ni kushindwa mapema, usiku, mlango ukiwa umefungwa.

1. Ilaumu stima, ila kwa muda mfupi. Ni kisingizio kizuri, na mara nyingine ni kweli. Mvua ya alasiri ya Kericho ikija na radi, stima hupepesa. Mashine ya kusaga mahindi ya jirani ikiwashwa, taa hufifia. Kompyuta ikizimika ghafla nyakati hizo bila kuandika chochote, tafuta UPS, betri ya kushikilia stima ikikatika, na uache RAM yako kwa amani. RAM mbovu ina tabia nyingine. Huangusha kompyuta jua likiwa linawaka na stima ikiwa imetulia. Faili uliyopakua hukataa kufunguka, ukiipakua tena inafunguka. Kurasa za intaneti hujifunga zenyewe. Ukiona hayo, mwachie fundi wa stima chai yake aende zake.

2. Usijifanye msomi wa skrini ya bluu. Leo imeandika MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Kijana mwenye bidii atakesha akitafuta maana ya kila jina, kisha aifute Windows na kuiweka upya, kisha aifute tena. Wewe fanya uvivu wa maana: tazama tu kama majina yanabadilika. Kosa moja linalojirudia kwa jina lile lile mara nyingi ni la programu fulani au draiva yake. Makosa yanayobadilisha majina kila siku kwa kawaida hutoka chini, kwenye vifaa, na katika kompyuta iliyoungwa jana RAM ndiyo mshukiwa wa kwanza. Na kuweka Windows upya juu ya RAM mbovu ni kupanda ugonjwa mpya, kwa sababu faili hizo nazo zitapita kwenye RAM hiyo hiyo na zinaweza kuharibika njiani.

3. Punguza kasi, na usimwambie mtu. Hapa ndipo penye siri, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Boksi la RAM yako limeandikwa 6000. Namba hiyo ndiyo uliyolipia, na ndiyo uliyomtajia shemeji. Lakini RAM nyingi za DDR5 za namba hiyo huwaka kwanza kwa 4800. Ile 6000 huja tu ukiingia kwenye BIOS, programu ya msingi iliyo ndani ya bodi, na kuwasha mpangilio unaoitwa XMP kwenye bodi za Intel, au EXPO kwenye bodi za AMD. Ukiuwasha, umevuka kasi ambayo mtengenezaji wa prosesa ameahidi. Chukua Ryzen 7000, zilizotoka mwaka 2022: AMD wenyewe waliahidi 5200 ukiweka RAM mbili, basi. Zaidi ya hapo ni bahati ya prosesa uliyoipata, ubora wa bodi na tabia ya RAM yenyewe. Wengi wana bahati hiyo. Wewe huenda hukuipata, na si kosa la mikono yako.

Basi ingia kwenye BIOS, zima XMP au EXPO, hifadhi, toka. Kama una DDR4 ya 3200 au 3600, huenda itashuka hadi 2133, 2400 au 2666. Tumia kompyuta siku kadhaa. Ikitulia, umepona. Kwa DDR5, ukitaka, panda polepole, 5200, kisha 5600, na usimame pale inapoanza kuyumba. Apdeti ya BIOS kutoka kwa mtengenezaji wa bodi nayo husaidia mara nyingi, hasa kwa bodi za DDR5, lakini usiifanye mawingu yakiwa yametanda; stima ikikatika katikati ya apdeti unaweza kubaki na bodi isiyowaka.

Sasa kuhusu heshima yako. Taa za rangi kwenye RAM zitawaka vile vile kwa 4800 kama kwa 6000. iTax, tovuti ya kodi, itafunguka kwa mwendo ule ule, kwa sababu inayokuchelewesha pale ni intaneti na mtambo wa upande wa pili. Kuchapisha, kuskani, kuandika barua ya maombi ya kazi, hata kukata video ya harusi: hakuna mteja atakayeona tofauti. Kwenye gemu utapoteza kidogo. Kidogo hicho mpe mpinzani wako kwa roho safi.

4. Ondoa RAM mbili kati ya nne. Najua kwa nini uliweka nne. Tundu tupu linaonekana kama jino lililong'oka, na kasha lako lina kioo ubavuni. Lakini RAM nne huilemea prosesa: kwa Ryzen 7000 hizo hizo, ahadi ya AMD hushuka kutoka 5200 hadi 3600 ukijaza matundu yote. Na kama ulinunua mbili Oktoba na mbili Disemba, hata kama maboksi yanafanana, hazikupimwa pamoja kiwandani. Bakiza jozi moja. Iweke kwenye tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, yale ambayo bodi nyingi huyaita A2 na B2. Ukihitaji nafasi kubwa, uza zote nne ununue jozi moja kubwa.

Kabla ya kugusa, zima, chomoa waya wa stima, bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, kisha shika chuma cha kasha. Vua ile sweta ya manyoya, hata kama ni asubuhi na ukungu uko mlangoni. Ndiyo inayobeba umeme wa kuruka kwenye vidole. Sukuma RAM mpaka usikie klipu zimelia. Nyingi zinazoitwa mbovu zilikuwa zimeingia nusu tu. Usisugue RAM mpya kwa raba ya penseli. Hiyo ni dawa ya RAM za zamani zenye uchafu.

Ukiwasha baada ya kuhamisha, skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa. Bodi za DDR5 hutumia muda huo kujifunza RAM mpya. Hapa ndipo vijana huchomoa waya kwa hofu na kuanza upya. Wewe nenda ukachemshe chai.

5. Acha kompyuta ijishitaki yenyewe. Weka Memtest86+ kwenye flashi. Ni ya bure. Washa kompyuta kupitia flashi hiyo, bila Windows, iache usiku kucha ulale. Kama huna flashi, andika mdsched ndani ya Windows upate kipimo chake cha RAM, ingawa chenyewe ni chepesi zaidi. Asubuhi, mstari mmoja wa kosa unatosha. Usibishane nao eti ni kosa moja tu. Toa RAM zote, pima moja moja kwenye tundu lile lile, na yenye kosa itajitaja. Zikikosea zote kwenye tundu hilo lakini zikapita kwenye lingine, geukia bodi, au feni ya prosesa uliyoikaza kupita kiasi.

Na usione haya. Mwaka 2009 watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha walichokiona kwenye seva za Google: takriban RAM 8 katika kila 100 zilionyesha angalau kosa moja kwa mwaka. Kama wao walipatwa, nawe umepatwa, na Litein haikukosea kitu.

6. Rudisha dukani ukiwa mpole. Usiende na hadithi ndefu. Nenda na risiti, boksi, na picha ya ule mstari wa kosa uliyopiga kwa simu. Muuzaji atauliza kama uliwasha XMP. Mwambie ukweli: ulipima kwa kasi ya kawaida na bado ikakosea. Jibu hilo humaliza mabishano mengi. Akikaza shingo, mkumbushe taratibu kwamba Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa. Sema ukitabasamu, bado utahitaji kununua kwake waya na kibodi.

7. Kama risiti imepotea, ipo hila moja, nayo ni halali. Memtest86+ inaweza kukuandikia sehemu mbovu za RAM. Ukitumia Ubuntu au Linux nyingine, iandikie GRUB, programu inayouwasha mfumo, sehemu hizo kwenye mpangilio wake wa GRUB_BADRAM, na mfumo utaziruka kama shimo la barabarani. RAM itaishi kilema na kazi itaendelea. Lakini usiwekee kompyuta hiyo hesabu za chama cha wakulima wala nakala pekee ya picha za watu. RAM iliyoanza kuoza sehemu moja huweza kuoza nyingine.

Fanya haya yote sasa, Juni haijafika. Tarehe 30 Juni ni mwisho wa kupeleka marejesho ya kodi kwa KRA, na foleni ya siku hiyo hufika barabarani. Kompyuta ya 4800 isiyoanguka itawahudumia wote.