Leseni Sita za Kusoma Kabla Kompyuta Haijagoma

Mgodi wa Bisie, huku Walikale, mashariki mwa Kongo, hutoa karibu asilimia 6 ya bati ya dunia, na watu wake wamejifunza habari za leseni katika shule ya maisha. Mwaka 2006 kampuni ya MPC ilipewa kibali cha utafiti juu ya mlima ambao wachimbaji kwa maelfu walikuwa wameshauingia. Ugomvi ukachukua miaka. Kutafiti si kuchimba na kuuza: kila kazi na kibali chake, na uzalishaji wa kiwandani, chini ya kampuni ya Alphamin, ulianza 2019 tu.

Programu za mtandaoni nazo ni vivyo hivyo. "Bure" huwa na kazi yake. Tuhesabu kushuka, wandugu.

6. Zoom ya bure. Dakika 40 zikitimia, mkutano umekatika. Mnunuzi wa Goma yuko kwenye bei ya kilo, hajasema "sawa". Salamu zetu ndefu zina heshima yake, lakini siku hiyo bei itangulie, shangazi atasalimiwa jioni!

5. Google Drive, GB 15. Nafasi hiyo ni ya barua pepe, picha na faili, zote pamoja. Piga picha kila gunia na lebo yake ya iTSCi, ile ya kuonyesha madini yametoka wapi, mpaka nafasi ijae, barua pepe zitagoma kuingia. Oda imerudi kwa mnunuzi, nawe unamlaumu kwamba amenyamaza! Mwombe radhi, kisha hamisha video za harusi.

4. Microsoft 365 ya familia. Bei inavutia, na watu sita wanaingia. Ila masharti yanasema ni ya matumizi binafsi, si ya biashara. Ushirika wa wachimbaji una undugu mwingi, lakini haulali nyumba moja! Kama mfuko ni mwepesi, LibreOffice inaruhusu biashara bila malipo, na haidai intaneti.

3. TeamViewer ya bure. Imetolewa kwa kusaidia ndugu na marafiki. Fundi aliye Goma akigusa kompyuta ya ofisi Walikale kila siku, mfumo utashuku biashara na kumkata. Basi fundi, panda pikipiki, tope linakungoja! Au ofisi ilipie, mgongo wa fundi upone.

2. Nywila moja, watu watano. Leseni nyingi za ofisi huhesabu vichwa, si milango. Kadi ya mchimbaji hutolewa kwa jina la mtu, haiazimwi kwa shemeji. Akaunti pia isiazimwe. Tena hesabu zikiharibika, nani alizigusa? Wote watano wataapa kwa mama zao!

1. Malipo ya kila mwezi. Programu iliyo kwenye seva ya mwingine ni nyumba ya kupanga: kodi ikikwama, unafungiwa nje na vyombo viko ndani. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Goma, na benki zikafungwa. Aliyezoea kuweka pesa benki ili kadi ilipie programu, aliipeleka wapi? Machi ya mwaka huo Alphamin nayo ilisimamisha kazi Bisie na kuwaondoa wafanyakazi, ikarudi Aprili. Kampuni kubwa ina njia ya kurudi. Daftari la ushirika mdogo je?

Hapa mzaha tuuweke kando. Kabla ya kukubali masharti, tafuta majibu matatu: nani anaruhusiwa kutumia, kwa kazi gani, na data yako unaitoaje malipo yakikatika. Jibu la tatu lisipoonekana, tafuta programu nyingine. Na kila mwisho wa mwezi pakua hesabu zote kwenye fleshi mbili, moja ya mhazini, moja ya mwenyekiti. Mtu aliyetoa jiwe shimoni kwa mikono yake hastahili kupoteza haki yake kwa sababu kadi ya benki imekataa.