Majibu Niliyowaandalia: Barua ya Wazi kwa Wapangaji wa Viwanja vya Michezo, Wilaya ya Same

Waheshimiwa,

Najua mna vikao vingi, hivyo nimejitwika kazi ya kuwaandalia majibu ya siku asiyeona wa Vudee, huku milimani Upareni, atakapowauliza afanyie wapi mazoezi. La kwanza ni tamu: mlima upo, apande ashuke, gym ya bure kutoka kwa Mungu. Kasoro yake ni ndogo tu. Njia ya mlimani ina jiwe lililoporomoka jana, korongo upande mmoja na bodaboda kwenye kona. Anayeona hutokwa jasho kwa kupanda. Asiyeona hupapasa hatua kwa fimbo, na moyo ukimwenda mbio ni kwa hofu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unamtaka mtu mzima, mwenye ulemavu akiwemo, apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hofu haikuhesabiwa.

La pili halichakai: bajeti hakuna. Hapa nimeshindwa kuwatetea. Goalball, mchezo uliobuniwa 1946 kwa askari waliopofuka vitani, unataka mpira wenye kengele ndani na kamba iliyobandikwa sakafuni chini ya utepe, mchezaji aiguse ajue alipo. Kwenye chumba cha mazoezi, vyuma virudishwe mahali pake, benchi lisiachwe njiani, uzito uandikwe kwa nundu zinazopapasika, kingo zipakwe rangi kali kwa wenye uoni hafifu. Sehemu kubwa ya hayo ni nidhamu, nayo haina kasma.

Mtasema wasioona wataumia, nani atawashika mkono? Mkenya Henry Wanyoike, asiyeona, alitwaa dhahabu ya mita 5,000 Sydney mwaka 2000. Mwongozaji wake ndiye aliyeishiwa nguvu, ikabidi mkimbiaji amkokote. Mkisema ni wachache, ongezeni wazee wenye mtoto wa jicho. Hata hivyo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ulioridhiwa na Tanzania 2009, unataka katika Ibara ya 30 viwanja vya michezo vifikike, bila kungoja wahusika watimie akidi kama kikao cha baraza.

Upareni msaragambo, kazi ya pamoja ya wanakijiji, umechimba mifereji na kujenga shule. Kusawazisha njia ya mita 100 na kufunga kamba ya kushikia pembeni hakuushindi. Tangazeni siku, na kabla ya jembe la kwanza waiteni wasioona wa Vudee waseme kamba ipite wapi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa.