Visiki vya Mkwajuni

Mhanga ndiye aliyeanza. Alikuwa akichimbua mchwa, kazi ya ukoo wake tangu zamani, ukucha wake ukagonga jiwe lenye mstari wa dhahabu. Jioni ile Mkwajuni nzima ilikuwa na habari, na masika yalipofika kila mwenye kucha alikuwa na duara lake, yaani shimo la kuchimbia dhahabu.

Duara halisimami bila matimba. Miyombo ikaangushwa ili kushikilia kuta za mashimo, na iliyobaki Nyani akaichoma mkaa. Mawe yaliyosagwa yakaoshwa kwa zebaki kijitoni, maji yakateremka hadi Mto Songwe, na mto ukayapeleka Ziwa Rukwa. Ziwa hilo halina mto unaotoka. Kinachoingia humo hubaki humo. Mdiria akawa analisha makinda yake samaki bila kujua kabeba nini mdomoni. Nyuki walihama usiku, hawakuaga.

Simlaumu sana Mhanga, alikuwa na watoto wa kulisha. Linaloniuma ni baraza.

Tembo aliwaita wote chini ya mkwaju, akaagiza miche kutoka mbali. Siku ya kupanda ngoma zililia, kila mkubwa akafukia mche wake na kusimama kando yake atazamwe. Kisha wakaondoka. Hapakuwa na zamu ya kumwagilia wala mlinzi, na kiangazi kikaimaliza miche yote. Tembo akatangaza kuwa ardhi imekufa, na wote wakaitikia.

Bibi Kobe hakuwahi mkutano ule. Alikuwa bado yuko njiani, katikati ya uwazi uliokuwa msitu, amesimama mbele ya kisiki cha muyombo. Juu kilikuwa cheusi kwa masizi. Lakini pale gome linapokutana na mti, machipukizi yalikuwa yamejitokeza mengi, membamba, majani yake mekundu kama shaba iliyosuguliwa, na mvua ilikuwa haijanyesha hata tone. Shina lilikatwa; mizizi ilibaki chini, hai, inakunywa. Mbuzi walikuwa wameng'ata ncha za upande mmoja.

Alipowaeleza, walimcheka. Aliyemuunga mkono ni Korongo, aliyeona nchi nyingi kutoka juu. Aliwasimulia Shinyanga, walikofyeka misitu kufukuza mbung'o na kulima pamba hadi nchi ikabaki vumbi. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa kuhifadhi ardhi, HASHI, na Wasukuma wakarudia ngitili zao, yaani malisho yanayofungwa ili yapumzike. Miti ikarudi yenyewe kwenye maelfu ya hekta. Akawasimulia na Dodoma, ambako wakulima huchagua machipukizi machache yenye nguvu katika kila kisiki, hupogoa mengine, na kufunga kitambaa ili kila apitaye ajue kina mwenyewe. Wao hukiita kisiki hai.

Basi wakaanza na kilima kimoja. Nungunungu alipogoa kwa meno. Mnana, fundi wa kufuma, alifunga ukanda wa gome kwenye kila kisiki kilichochaguliwa. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kumshawishi Swala asile hapo kwa misimu mitatu, na alikubali baada tu ya kuahidiwa majani yatakayokatwa. Nadhani mapatano hayo ndiyo yaliyouokoa msitu, kuliko kitu kingine chochote.

Msimu wa nne nyuki mmoja alikuja, akazunguka maua ya miyombo, akaondoka. Kesho yake lilikuja kundi.

Ndipo Mhanga alipopanda kilimani, vumbi la mawe hadi masikioni.

"Shikamoo, bibi. Nahitaji matimba. Nikate wapi?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Una maduara mangapi uliyoyaacha wazi?"

Mhanga akayahesabu kwa kucha, na kucha hazikutosha.

"Yafukie kwanza, uyatoe matimba yaliyomo ukayatumie upya. Na hiyo zebaki usiimwage tena kijitoni. Ukimaliza, njoo tukuoneshe visiki vya kulinda. Upande wa mashariki bado hauna mlinzi."

Alianza siku hiyohiyo, na wanawe wakasukuma udongo nyuma yake.