Stata Inazungusha, Injini Haiwaki

Lori langu huugua siku ambayo viazi vimeshapakiwa. Likiwa tupu linawaka lenyewe, hata ukigusa ufunguo kwa bahati mbaya. Lakini mteja akishapiga simu kwamba ananisubiri Makambako, stata itazungusha kwa nguvu zote na injini itakataa katakata.

Safari hii ilikuwa Julai, alfajiri, Njombe mjini. Huko ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi huo kuna siku nyasi zinaamkia kwenye sakitu. Injini ya dizeli nayo haina plagi ya cheche: inabana hewa ndani ya silinda mpaka ipate joto la kuwasha mafuta. Kwa baridi ile inahitaji plagi za kupasha joto. Langu linazo nne. Inayofanya kazi, tunaamini, ni moja.

Dereva alipolaza kabini tu, mafundi wakaota kama uyoga.

"Kamwene! Hiyo betri," akasema mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, mikono mfukoni. Nikamwambia, mzee wangu, betri ndiyo hiyo inayozungusha. "Basi waya wa betri." Kijana wa bodaboda akashauri tusukume. Tusukume magunia ya lumbesa, yale yenye kichwa juu, ambayo sheria inayakataza na kila mnunuzi anayadai! Mama wa chai akasema mafuta yamekwisha. Dereva akanuna, akachovya kijiti kwenye tangi (geji ilishafariki siku nyingi), kikatoka kimelowa hadi katikati.

Utingo wetu alikuwa amechuchumaa nyuma peke yake. "Bosi, mbona bomba halitoi moshi?"

Kimya. Halafu kila mtu akadai ndicho alichotaka kusema. Maana moshi mweupe ungetoka tukizungusha, tungejua mafuta yanafika ila hayashiki moto, na lawama zingekwenda kwa plagi. Bomba kavu maana yake mafuta hayafiki kabisa. Mama wa chai, kwa hiyo, ndiye aliyekaribia kuliko wanaume wote pale, na aliwakumbusha.

Tukampigia fundi wa Makambako. Hata sentensi sikuimaliza. "Imechukua hewa hiyo. Legeza bolti ya juu ya filta, piga pampu ya mkono."

Utingo akapiga. Povu likachuruzika kando ya bolti, jeupe kama la sabuni, likakohoa, likapungua, mpaka dizeli ikatoka safi bila kiputo. Mlango wa hewa ulikuwa mpira wa mafuta uliopasuka pale unapobanwa na klipu. Tukakata ncha, tukaubana upya. Zikabaki nati za nozeli: unazilegeza huku mwenzako anazungusha stata, mafuta yakitema unazikaza. Dereva akazungusha, akazungusha tena, na hapo betri, baada ya mateso ya asubuhi nzima, ikasema *tk*, ikanyamaza.

Sikuthubutu kumtazama mzee wa kofia.

Tukabusti kwa lori la mbao lililokuwa linapita. Langu likatoa wingu jeupe, likatetemeka, likawaka. Mzee akapanda mbele bila kuuliza nauli, akakaa kati yangu na dereva, na kwa kilomita zote zipatazo 60 hadi Makambako akatufundisha habari za betri.