Jinsi ya Kumaliza Gemu la Zamani Bila Kuumiza Kichwa

Umenunua kompyuta ya mtumba, ukaikuta na King's Quest V, gemu la kampuni ya Sierra lililotoka mwaka 1990. Mtaa mzima hapa Handeni umeshatangaziwa kwamba utalimaliza. Sasa shujaa wake, Mfalme Graham, amekwama, na vijana wamekusimamia nyuma ya kiti. Tulia, ndugu yangu. Njia ipo.

1. Usifikiri. Gemu hili la kubofyabofya halipimi akili. Linataka uwaze alichowaza mtunzi wake, Roberta Williams, huko Marekani. Nje ya duka la mikate paka anamfukuza panya. Usipomrushia paka kiatu kikuukuu pale pale, hakuna atakayekuonya, utaendelea kutamba. Baadaye unafungwa kamba kwenye chumba cha chini cha nyumba ya wageni, na wa kukutafunia kamba ni yule yule panya uliyemwacha aliwe. Ufaulu gani darasani ungekusaidia hapo?

2. Tafuta desa. Usione haya: Sierra wenyewe walikuwa wakiuza vitabu vya majibu ya magemu yao. Aliyefunga mlango ndiye muuza funguo. Wewe ni mteja tu. Ila usichapishe Handeni, watu wana macho. Panda gari la Korogwe, kilomita 65 za lami, uingie steshenari usikojulikana. Sema ni notisi za chuo. Ukitoka, nunua machungwa, karatasi zikae chini ya mfuko. Ukiulizwa ulifuata nini, jibu unalo mkononi.

3. Kwama kwa heshima. Mbele ya watu usiende kwenye jibu moja kwa moja. Bofya mti, bofya ukuta, guna, kuna kidevu. Ukinunua pai, wote watasema mfalme ale. Kataa kwa tabasamu la mtu mzima. Ukifika mlimani, mbandike nayo usoni yeti, lile dubwana la theluji. Kuanzia hapo jina lako ni Profesa.

4. Andaa wa kulaumiwa. Mfalme akifa kwa uzembe wako, bonyeza swichi ya ekstensheni kwa kidole gumba cha mguu, kisha ulalamike: "Jamani, umeme tena!" Hakikisha kwanza redio ya jirani haiimbi.

5. Ukimaliza, dharau. Sema hilo lilikuwa la watoto. Kazi ipo kwenye Gabriel Knight 3 la mwaka 1999. Humo, ili ukodi pikipiki kwa jina la rafiki yako, unatengeneza masharubu kwa manyoya ya paka na kuyagandisha kwa shira. Huyo rafiki hana masharubu, kwa hiyo unamchorea kwenye pasipoti yake. Simulia taratibu, kama uliyeyapitia. Kulifungua si lazima.

6. Linda cheo. Kijana aliyekwama atakuja kuomba msaada. Desa asilione hata kona. Vuta pumzi, mtazame kwa huruma, umuulize: "Umejaribu kufikiria?" Atainamisha kichwa na kuondoka. Wiki ijayo, ukifuata desa la gemu jingine, utamkuta kakaa kiti cha nyuma kwenye gari la Korogwe. Msalimie vizuri, msiulizane mengi. Kila mmoja anafuata machungwa.