Eti Vijana Hawasomi?

Nasonya, tena kwa sauti! Kila tukikaa hapa kijiweni lazima atokee mtu mzima wa kututangazia kwamba vijana wa siku hizi hawasomi, simu imewamaliza. Haya, basi nielezeni habari za Cornelia Funke, mama wa Kijerumani aliyezaliwa Dorsten mwaka 1958. Kitabu chake Tintenherz, kilichotoka 2003, kina zaidi ya kurasa 500. Kurasa 500, wazee wangu! Watoto wakakimaliza, wakataka kingine. Akawapa cha pili 2005, cha tatu 2007, na mwaka 2023 akaongeza cha nne, wakati wasomaji wake wa kwanza wameshakuwa watu wazima.

Na msiniambie ni bahati. Kabla ya kushika kalamu, Funke alifanya kazi na watoto wa familia zenye shida mjini Hamburg. Baadaye akawa mchoraji wa vitabu vya watoto. Hadithi alizoletewa azichoree picha zikamchosha, ndipo akaanza kuandika zake mwenyewe, akiwajua vizuri watoto anaowaandikia.

Chukueni Herr der Diebe, cha mwaka 2000. Prosper na mdogo wake Bo wamefiwa na mama. Dada wa marehemu anamtaka Bo peke yake, kwa kuwa bado mdogo na ana sura ya kupendeza. Mkubwa apelekwe shule ya bweni. Wanatoroka Hamburg hadi Venice, wanalala na watoto wenzao wasio na kwao ndani ya jumba la sinema lililofungwa. Mtoto gani mwenye mdogo wake atakifunga kitabu hicho kabla hajajua mwisho wao?

Na sifa zake zilivukaje mpaka? Binti mmoja aliyejua Kijerumani na Kiingereza alimwandikia barua Barry Cunningham, mchapishaji wa Uingereza, yuleyule aliyempokea J.K. Rowling. Alimuuliza kwa nini mwandishi anayempenda hapatikani kwa Kiingereza. Bwana yule hakuidharau barua ya mtoto. Mwaka 2002 Herr der Diebe kikatoka kwa Kiingereza, kikaingia kwenye orodha ya vitabu vinavyouzwa sana Marekani. Mwaka 2005 jarida la Time likamtaja Funke miongoni mwa watu 100 wenye ushawishi mkubwa duniani.

Hapo ndipo msonyo wangu unapotoka. Sisi wakubwa tunawapa vijana mawaidha yaliyovishwa kanzu ya hadithi, wakisinzia tunawalaumu. Hatuwaulizi wanaogopa nini, wanatamani nini, wanacheka nini. Funke aliwajua, wakamlipa kwa kumsoma. Kwa hiyo, kabla hujasema mwanao hasomi, tazama kwanza umempa nini asome. Na siku akikutajia kitabu anachokitaka yeye, acha kumkatisha tamaa, kitafute umpe.