Kukodi Chombo na Kuzunguka Visiwani Ukitokea Ntalikwa

Ndugu yangu wa Ntalikwa, najua picha imekuingia: visiwa vya Ugiriki, boti nyeupe, mtu kajilaza na miwani ya jua. Unaitaka, na ni haki yako. Ila kule boti hukodishwa kwa wiki nzima, Jumamosi hadi Jumamosi, na ukitaka kuiendesha mwenyewe utadaiwa cheti cha unahodha. Tupite njia ya mkato. Panda treni Tabora, shukia Kigoma, Ziwa Tanganyika lile pale.

1. Usiende kuomba chombo mwenyewe. Machi 1858 mvumbuzi Mwingereza John Speke, aliyekuwa amepitia Kaze, Tabora yetu hii, alivuka ziwa kwa mtumbwi hadi kisiwa cha Kasenge kukodi jahazi la Sheikh Hamed bin Sulayyim. Sheikh alimpokea vizuri sana. Jahazi lipo, ila si sasa hivi. Speke akarudi Ujiji mikono mitupu. Mwenye chombo akishajua umetoka mbali, anajua pia huna pengine pa kwenda. Mtume mwenyeji, wewe kaa kando unywe chai.

2. Ukilala kisiwani, funga hema kabla ya kuwasha taa. Katika safari hiyohiyo Speke aliwasha mshumaa usiku, wadudu wakajaa hemani, mmoja akamzamia sikioni. Alimimina siagi iliyoyeyushwa, wapi! Akamchokonoa kwa kisu cha mfukoni. Mdudu akafa, sikio likaoza, na vipande vya mdudu vikaendelea kutoka miezi kadhaa baadaye. Pamba ni bei ndogo. Beba.

3. Kodi kidogo. Jahazi lilipokosekana, Speke na mwenzake Richard Burton walichukua mitumbwi miwili ya Kannena, mkubwa wa Ujiji, na safari yao ikaingia vitabuni. Wewe kodi boti ya nusu siku. Picha piga asubuhi, shati likiwa bado kavu.

4. Hapa ndipo penye ufundi wenyewe: kushindwa kwa heshima. Speke na Burton walitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia, maana walikuwa wanasaka chanzo cha Nile. Walifika Uvira, kaskazini mwa ziwa, Aprili 26, wapiga kasia wakakataa kusogea mbele. Burton hakuuona mto. Aliwauliza wenyeji, wakamwambia unaingia. Mwaka 1871 wavumbuzi Stanley na Livingstone wakafika mlangoni mwa mto wakakuta ndivyo ulivyo. Basi mabaharia wakigoma, usigombane na watu walioshika makasia. Uliza kilichoko mbele, kiandike vizuri, geuza. Nyumbani watataka habari za mto, nawe utakuwa nazo.

5. Julai na Agosti ziache. Ndiyo miezi ambayo upepo wa Meltemi huwasumbua watu katika visiwa vya Aegean, na huku kwetu kusi hulichafua ziwa. Nahodha akisema leo hatutoki, msiondoke. Jaketi okozi vaa tangu ufukweni, hata kama litakuharibia picha. Kwenye hilo sina mkato wa kukupa.

6. Malipo: nusu mkiondoka, nusu mkirudi. Asali ya Tabora uliyobeba kama zawadi usiiingize kwenye hesabu. Mpe nahodha chupa nzima kabla hajawasha injini, kisha ndiyo umwulize atakaa na wewe majini mpaka saa ngapi.